Dodoma hadi Guangzhou: jinsi ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na saa za ndege

Ukiuliza simu umbali wa Dodoma na Guangzhou, jibu linakuja kabla hujameza mate: kilomita 9,020 hivi, na ndege saa kumi na moja. Kilomita hizo ni sahihi. Saa ndizo zenye walakini, maana zimehesabiwa kwa ndege isiyokuwepo. Hakuna ndege inayopaa Dodoma ikaenda kutua Guangzhou. Tovuti imechukua kilomita, ikazigawa kwa mwendo wa ndege kubwa, basi. Haikuuliza utafikaje Dar es Salaam, utasubiri wapi njiani, wala saa ya ukutani huko uendako inasomaje.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida anayejiandaa kwa safari ndefu: mfanyabiashara anayefuata mzigo China, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyepata ufadhili, mzazi anayekwenda kumwona mwanawe London, mgonjwa anayepelekwa India. Nimeshika Guangzhou kwa sababu ndiko wafanyabiashara wetu wengi wanakoelekea, ila hesabu ni ile ile hata ukienda kwingine. Unahitaji karatasi, kalamu, na simu yenye kikokotoo. Si kile cha mafao ya wastaafu. Hiki hakijawahi kugombanisha mtu na serikali yake.

Hatua ya 1: Andika miji ilipo

Kila mahali duniani pana namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, yaani umbali kutoka mstari wa Greenwich kwenda mashariki au magharibi. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza sehemu unayoitaka bila kuachia kidole mpaka alama itokee, kisha tazama namba zilizoandikwa hapo. Chukua tarakimu mbili baada ya nukta. Zaidi ya hapo ni mbwembwe, kwa sababu 0.01 ya digrii ni kama kilomita moja tu, na hakuna safari ya China inayobadilika kwa kilomita moja.

Za mfano wetu ni hizi:

Dodoma: -6.17 na 35.75
Dar es Salaam, uwanja wa Julius Nyerere: -6.88 na 39.20
Guangzhou, uwanja wa Baiyun: 23.39 na 113.30

Ile alama ya kutoa mbele ya 6.17 inamaanisha kusini mwa ikweta. Ukiisahau, Dodoma yako itahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia, na hesabu yote iliyobaki itakuwa ya Mhabeshi. Kwa longitudo, alama hiyo huwekwa kwa miji iliyo magharibi mwa Greenwich. New York, kwa mfano, ni 40.64 na -73.78.

Chukua namba za uwanja wa ndege, si za katikati ya mji. Kwetu Dodoma haina tofauti, uwanja uko mjini kabisa na ndege inatua huku watu wako sokoni. Lakini Baiyun uko kaskazini mwa Guangzhou, karibu kilomita 30 kutoka mjini, na huo mwendo wa mwisho utaulipia nauli.

Hatua ya 2: Uzi kwanza

Kabla ya kugusa kikokotoo, kama kuna shule jirani yenye tufe la dunia, omba dakika tano. Tufe la kawaida la mezani lina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo mzingo wake ni sentimita 94. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo. Gawanya: kila sentimita moja ya tufe hilo ni kilomita 425 hivi. Weka ncha ya uzi Dodoma, uvute hadi Guangzhou mpaka ukaze wenyewe, kisha uupime kwenye rula. Utapata sentimita 21 na pointi kadhaa. Zidisha kwa 425, unakaribia kilomita 9,000 bila kujua hisabati yoyote ya kidato cha nne.

Uzi una faida nyingine ambayo simu haikupi. Ukishakaza, ndio njia fupi kuliko zote, na unaona inapita wapi. Wa Guangzhou unatoka bara kwenye kona ya kusini-mashariki mwa Kenya, unakata Bahari ya Hindi, unagusa kusini mwa India, unavuka Ghuba ya Bengali, unaingia Myanmar, unapita Laos na kaskazini mwa Vietnam, ndipo unaipata China. Sasa jaribu New York. Kwenye ramani ya ukutani, rula kutoka Dodoma hadi New York inapita kusini-magharibi mwa Nigeria, inaendelea juu ya Afrika Magharibi, kisha inaingia Atlantiki. Uzi kwenye tufe unakataa. Unapanda kaskazini, unakata Sahara, ndipo unashuka Marekani. Ramani ya ukutani imekunjua kitu cha mviringo kikalala bapa, na kukunjua huko kunavuta nchi za kaskazini na kuzipanua. Ndiyo maana usipime kamwe safari ndefu kwa rula kwenye ramani. Kwa Dodoma na Mwanza rula haina ubaya, kwa mabara inakudanganya.

Hatua ya 3: Kikokotoo

Geuza simu ilale ubavu ili kikokotoo kionyeshe sin na cos. Kisha angalia pembeni kama pameandikwa DEG (digrii) au RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe). Lazima iwe DEG. Makosa mengi katika hesabu hii yanazaliwa hapo, wala si kwenye kujumlisha.

Fanya hivi, ukiandika kila jibu kwenye karatasi:

Kwanza, sin ya latitudo ya mji wa kwanza mara sin ya latitudo ya mji wa pili. Kwetu ni sin(-6.17) × sin(23.39), yaani -0.1075 × 0.3970. Jibu ni -0.0427.

Pili, toa longitudo ndogo kutoka kubwa: 113.30 - 35.75 = 77.55.

Tatu, cos ya latitudo ya kwanza, mara cos ya latitudo ya pili, mara cos ya hiyo tofauti: 0.9942 × 0.9178 × 0.2156. Jibu ni 0.1967.

Nne, jumlisha majibu mawili: -0.0427 + 0.1967 = 0.1540.

Tano, bonyeza cos⁻¹ ya 0.1540. Inakuja digrii 81.14.

Sita, zidisha kwa 111.2, kwa kuwa digrii moja ya mzingo wa dunia ina kilomita kama hizo. Unapata 9,020 na ushee.

Cos⁻¹ ikikupa jibu dogo kuliko 3.2 kwa miji iliyo mbali hivi, rudi ukaangalie DEG na RAD. Na jibu la mwisho likizidi kilomita 20,000, futa uanze upya, kwa sababu nusu ya mzingo wa dunia ndiyo mwisho wa umbali. Huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo bila kuanza kurudi.

Rudia hesabu hiyo kwa Dar es Salaam na Guangzhou. Utapata kilomita 8,710 hivi. Namba hii ndiyo itakayokufaa kwa saa za ndege, maana ni Dar ndege kubwa inakoondokea. Wenye haraka wanaweza kutumia kipimo cha umbali kilichomo ndani ya ramani ya simu: weka alama mji wa kwanza, chagua kupima umbali, sogeza hadi mji wa pili. Kinapima kwa kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kitalingana na hesabu yako. Ukikuta tovuti imeandika maili, zidisha kwa 1.609 upate kilomita. Ikiandika maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia, zidisha kwa 1.852.

Ukipenda za kulinganisha, kwa mstari mnyoofu kutoka Dodoma: Jeddah kilomita 3,120, Mumbai 4,940, London 7,280, New York 12,100. Zote ni za uwanja hadi uwanja, na zote zina kasoro ile ile ya kudhani kuna ndege inayotoka hapa.

Hatua ya 4: Chora njia ndege itakayopita kweli

Hapa ndipo kilomita za kwenye tovuti zinapoachana na za kwenye tiketi.

Shirika la Air Tanzania limekuwa likiruka Dar hadi Guangzhou kwa Dreamliner, bila kubadili ndege. Hiyo ni zile kilomita 8,710. Wengine wengi huenda kwa kuunganisha, na vituo vinavyotumika sana na watu wetu ni Addis Ababa na Dubai, pamoja na Doha. Chukua karatasi, kila kipande kipige hesabu peke yake kwa hatua ya tatu:

Dar hadi Addis Ababa, kilomita 1,760. Addis hadi Guangzhou, 8,040. Jumla 9,800.

Dar hadi Dubai, kilomita 3,980. Dubai hadi Guangzhou, 5,830. Jumla 9,810.

Wengi wanadhani kupitia Dubai ni kuzunguka na kupitia Addis ni kukata njia, au kinyume chake. Tofauti yake ni kilomita 10. Addis iko kaskazini tu mwa Dar, karibu kwenye longitudo ile ile, kwa hiyo kipande cha kwanza hakikusogezi mashariki hata kidogo. Dubai inakusogeza mashariki lakini pia inakupandisha sana kaskazini. Mwisho wa siku vinasawazishana. Kwa hiyo usichague kituo kwa kilomita. Chagua kwa saa za kusubiri, bei na kilo za mzigo, hasa kilo kama unakwenda kununua vitu.

Jumlisha pia kwamba ndege haifuati uzi kwa asilimia mia. Kuna njia za anga zilizopangwa, kuna dhoruba za kukwepa, na kuna nchi zilizofunga anga lake. Njia nyoofu ya Dar na London inapita juu ya Sudan Kusini na Sudan. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, ndege zinazotoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya zimelazimika kuikwepa. Kwa upande wa mashariki ya mbali, anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi ikarefuka hadi kama kumi na tatu. Dunia haijaongezeka ukubwa. Njia ndiyo imepinda. Kwa safari ya kawaida ongeza asilimia 3 hadi 5 juu ya kilomita zako, na mahali penye vita ongeza zaidi.

Hatua ya 5: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu hukimbia kama kilomita 900 kwa saa zikishapanda juu. Lakini hazikimbii hivyo tangu mlangoni. Kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na wakati mwingine kuzunguka angani zikisubiri zamu. Kanuni ninayoitumia ni hii: gawanya kilomita kwa 850, halafu ongeza nusu saa.

Dar hadi Guangzhou moja kwa moja: 8,710 kwa 850 ni 10.25, pamoja na nusu saa ni saa 10 na dakika 45. Iweke kati ya saa 10 na saa 11.

Kupitia Addis: 1,760 kwa 850 ni saa 2 na dakika 5, na nusu saa yake ni 2 na dakika 35. Kipande cha pili ni karibu saa 10. Jumla ya kuwa angani ni saa 12 na nusu na kidogo.

Kupitia Dubai: saa 5 na dakika 10, kisha 7 na dakika 20. Saa 12 na nusu tena.

Kwenye tiketi utakuta muda umeongezwa dakika kumi au ishirini juu ya hesabu yako. Mashirika huandika muda wa kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa ndege, na hujiwekea akiba ili ndege ikichelewa kidogo bado isomeke imefika kwa wakati. Ukiona tofauti ya saa nzima au zaidi, ujue kuna kitu: ndege inatua mahali pengine katikati, au umesahau tofauti ya majira. Kwa ndege ndogo za mapangaboi zinazokuja Dodoma kanuni ya 850 haifai. Zenyewe zinakwenda kilomita 500 hadi 650 kwa saa, hivyo Dodoma na Dar, kilomita 390 angani, ni saa moja au saa moja na dakika kumi.

Upepo nao una lake. Juu sana, kwenye kimo cha ndege, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mikali zaidi mbali na ikweta na wakati wa baridi ya kaskazini. Anayekwenda mashariki anasukumwa, anayerudi anapigana nao. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa muda wa chini ya saa tano, safari ambayo kawaida huchukua kama saa sita hadi saba, kwa sababu dhoruba iliukaza mkondo huo nyuma yake. Karibu na ikweta mikondo hii hulegea, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari ya kwetu kwenda China haiyumbishwi sana. Ni kipande cha mwisho, ukikaribia China mwezi Desemba au Januari, ndipo upepo unapoonekana kwenye saa. Wakati wa kurudi katika miezi hiyo, ongeza nusu saa hadi saa nzima.

Hatua ya 6: Dodoma hadi mlango wa ndege

Kipande hiki kifupi ndicho kinachoharibu safari nyingi, maana watu hukidharau. Angani ni kilomita 390, barabarani ni kama 450. Basi hula siku yako. Tangu Julai 2024 kuna treni ya umeme ya reli mpya ya SGR, na hiyo imebadilisha hesabu ya watu wa Dodoma kuliko kitu kingine chochote: saa tatu na nusu hadi nne upo Dar.

Lakini treni inakushusha stesheni, haikushushi Kipawa uliko uwanja wa ndege. Panga kinyumenyume, kutoka kwenye ndege kurudi nyumbani. Kwa safari ya nje ya nchi uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kaunta nyingi hufunga saa moja kabla, na foleni ya mabegi haimjui mtu aliyetoka mbali. Kutoka stesheni ya mjini hadi uwanjani weka saa moja na nusu, kwa ajili ya foleni ya Barabara ya Nyerere. Treni saa nne. Kuwa stesheni ya Dodoma saa moja kabla. Jumlisha: ni saa tisa na nusu kutoka unapofika stesheni ya Dodoma hadi ndege kuondoka, na hapo hakuna kilichochelewa.

Ndege ikiwa ya jioni au usiku, treni ya asubuhi inatosha. Ndege ikiwa ya asubuhi, usijidanganye: ondoka jana yake, ulale Dar kwa ndugu au gesti. Pesa ya gesti ni ndogo kuliko ya kubadili tiketi.

Ukichagua kuruka Dodoma hadi Dar, jitahidi kipande hicho kiwe kwenye tiketi moja na safari ya nje. Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni moja, kawaida ni kazi ya shirika kukupangia nyingine. Zikiwa tiketi mbili ulizonunua mbali mbali, ya pili ikikuacha ni juu yako. Katika hali hiyo mimi ningechagua treni ya mapema kuliko ndege ya dakika za mwisho. Uwanja mpya wa Msalato, hapa hapa Dodoma, ukishaanza kupokea ndege kubwa hesabu hii itabadilika. Kwa sasa, safari yako ya kimataifa inaanzia Dar.

Hatua ya 7: Saa za ukutani

Sasa tuje kwenye mahali panapoacha watu uwanjani.

Saa za kwenye tiketi siku zote ni za mji husika. Ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofika. Tanzania iko saa 3 mbele ya Greenwich, sawa na Addis, Nairobi, Doha na Istanbul. Dubai ni 4. India ni 5 na nusu. China nzima ni 8, hivyo wao wako mbele yetu kwa saa 5. London ni nyuma yetu kwa saa 3, ila kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni 2, kwa vile Waingereza husogeza saa zao mbele. New York ni nyuma kwa 8, na wakishasogeza zao inakuwa 7. Marekani na Uingereza hawasogezi wiki moja, kwa hiyo Machi na mwishoni mwa Oktoba kagua upya.

Tuseme ndege ya moja kwa moja inaondoka Dar 10:00 na inachukua saa 10 na nusu. Kwa saa ya Dar inatua 20:30. Ongeza 5, inakuwa 25:30, yaani 01:30 ya siku inayofuata. Tiketi itaandika 01:30 na kijialama kidogo cha +1. Kikague hicho kijialama kabla hujamwambia mwenyeji wako aje kukupokea, la sivyo atakuja uwanjani siku moja kabla. Ukitaka kujua muda halisi wa kuruka kutoka kwenye tiketi, fanya kinyume: kutoka 10:00 hadi 01:30 ya kesho ni saa 15 na nusu, toa 5, zinabaki 10 na nusu.

Halafu kuna kuigeuza saa ya tiketi iwe saa yetu. Toa 6 kwenye saa, dakika uziache zilivyo. Jibu likizidi 12, toa 12 tena. Likiwa sifuri au chini ya sifuri, ongeza 12. 10:00 ni saa nne asubuhi. 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano jioni. 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. 02:00 ni saa nane usiku.

Mtego mkubwa ni ndege za baada ya saa sita usiku. Mama mmoja alimpelekea kijana wa stesheneri pale Majengo tiketi iliyosomeka Ijumaa, 00:05.

"Mwanangu, hii ya saa sita ni mchana au usiku?"

"Shikamoo mama. Ni usiku, saa sita na dakika tano."

"Marahaba. Basi Ijumaa mchana napanda treni."

"Hapana mama. Ijumaa mchana ndege itakuwa imeshatua. Ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi saa tatu usiku uwe umeshasimama uwanjani."

Kwenye tiketi siku mpya inaanza saa sita usiku kamili. Kwa hiyo kila ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02, 03 au 04, andika kwa mkono pembeni, kwa wino mnene: "usiku wa kuamkia" na siku yake. Kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa 00:05 ya Ijumaa, uwanjani ni Alhamisi saa tatu usiku, kushuka treni Dar ni Alhamisi saa moja na nusu jioni kwa kuchelewa sana, na kupanda treni Dodoma ni Alhamisi kabla ya saa tisa alasiri. Mimi ningepanda ya asubuhi.

Hatua ya 8: Jumlisha mlango kwa mlango

Chukua karatasi safi uandike vipande kwa mfululizo, kila kimoja na muda wake. Kwa safari ya kuunganisha kupitia Addis inaweza kusomeka hivi: stesheni ya Dodoma hadi ndege kuondoka Dar, saa 9 na nusu, Dar hadi Addis, 2 na dakika 35, kusubiri Addis, tuseme 4, Addis hadi Guangzhou, 10, uhamiaji, mabegi na forodha Baiyun, 1 na nusu, treni ya chini ya ardhi au teksi hadi hotelini, 1. Jumla ni saa 28 na nusu hivi. Simu ilisema kumi na moja.

Kwa muda wa kusubiri kwenye kituo cha kuunganisha, chini ya saa moja na nusu ni kamari, hata kama shirika limekuuzia. Saa mbili hadi nne ndio muda mzuri. Zaidi ya nane, uliza mapema kama tiketi yako ina hoteli ya bure. Baadhi ya mashirika hutoa, lakini hutoa kwa anayeuliza kabla ya safari.

Wanaokwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila masika na kila vuli ya kule, yaani Aprili na Oktoba kuendelea, waongeze muda zaidi kwenye kipande cha uhamiaji. Ndege za siku hizo hujaa watu wa kila nchi na wote wanashukia foleni moja. Vilevile usipange kukutana na muuzaji asubuhi ile ile unayotua. Ukifika hotelini saa mbili asubuhi ya Guangzhou, kwa mwili wako ni saa tisa usiku wa Dodoma, na bei utakayokubali ukiwa na usingizi utaijutia ukishafika Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakokutana wafanyabiashara wa Kiafrika, na kusikia wenzako walilipa ngapi.

Kurudi

Rudia kila kitu ukianzia upande wa pili, usigeuze tu namba za kwenda. Muda wa kuruka huongezeka kwa sababu ya upepo, tofauti ya majira inakurudishia saa 5 ulizopoteza, na kusubiri njiani kunakuwa kwingine kabisa kwa kuwa ratiba za ndege za kurudi hazifanani na za kwenda. Ukitoka Guangzhou 03:00 kwa ndege ya moja kwa moja ya saa 11, unatua Dar 09:00 ya siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi. Kwa mabegi na forodha weka saa mbili, kwa foleni ya mjini moja na nusu, kisha tafuta treni ya mchana. Usikate tiketi ya treni ya saa tano kwa matumaini. Ya saa nane au tisa utaiwahi hata ndege ikichelewa kidogo, na kama mzigo wako ni mkubwa, uliza kwanza kilo zinazoruhusiwa ndani ya behewa kabla hujautoa uwanjani.